Somo la 14: Kupima Umbali Bila Kamba

1. Swali la mzee



Jioni moja tulikuwa katika darasa la kisomo. Tulikuwa tukisoma habari za nyota. Kitabu kilisema kuna kundi la nyota lililo mbali nasi kwa miaka ya nuru 2,500,000. Mzee mmoja akanyosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, umbali huo kapima nani? Na kule upande wa pili, kamba aliishika nani?"

Darasa zima likacheka. Lakini swali la mzee lilikuwa zuri. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu siku ile. Nikamwambia, "Mzee, nipe muda nikasome." Somo hili ndilo jibu lake.

Mtu asiyejua kusoma huambiwa mambo, naye huyaamini au huyakataa. Mtu ajuaye kusoma asiamini neno kwa sababu tu limeandikwa kitabuni. Aulize kama mzee: Wamejuaje? Walipimaje?

2. Toka nje utazame

Chagua usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, usio na mbalamwezi wala mawingu. Iwe kama saa 3 usiku. Simama mbali na taa na moto. Ngoja robo saa, macho yazoee giza.

Kwanza tazama kaskazini. Anza chini, pale mbingu inapogusa ardhi. Pandisha macho mpaka karibu nusu ya njia ya kwenda utosini. Hapo kuna doa dogo hafifu, kama moshi kidogo. Linaitwa Andromeda. Mwaka 964, mtaalamu wa Uajemi aliyeitwa Abd al-Rahman al-Sufi aliliandika katika kitabu chake cha nyota. Alilieleza kuwa ni wingu dogo. Hakuwa na darubini. Alitumia macho yake, kama wewe.

Sasa geuka utazame kusini. Chini, si juu sana kutoka ardhini, kuna doa jingine kama kipande cha wingu. Hilo huitwa Wingu Dogo la Magellan. Kadiri kijiji chako kilivyo kusini zaidi, ndivyo utakavyoliona vizuri zaidi. Watu wa Ulaya hawalioni kwao, kwa maana kwao haliinuki juu ya ardhi. Sisi tulio karibu na ikweta tunayaona madoa yote mawili katika usiku mmoja.

Madoa haya si mawingu. Kila moja ni kundi kubwa la nyota. Kundi la namna hiyo huitwa galaksi. Hata sisi tumo ndani ya galaksi. Jua letu ni nyota moja tu kati ya nyota za galaksi yetu, ambazo ni zaidi ya milioni 100,000. Ule ukanda mweupe unaokatiza mbingu usiku ni galaksi yetu tunayoiona tukiwa ndani yake.

Kumbuka jambo moja. Doa la kusini ndilo lililotupa kipimo. Doa la kaskazini ndilo lililopimwa.

3. Mwaka wa nuru ni nini?

Nuru huenda mbio kuliko kitu chochote. Kwa sekunde moja huenda kilomita 300,000 hivi. Kama ingeweza kuizunguka dunia, ingeizunguka mara 7 na nusu katika sekunde moja. Nuru ya Jua hutufikia kwa dakika 8 na kitu.

Umbali ambao nuru huenda katika mwaka mzima huitwa mwaka wa nuru. Usichanganyikiwe na neno "mwaka". Hapa tunapima njia, si siku. Ni kama unavyosema, "Kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu."

Mwaka mmoja wa nuru ni mrefu sana. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa bila kusimama lingehitaji zaidi ya miaka milioni 13 kuumaliza.

4. Hatua ya kwanza: kidole na mti

Fanya jaribio hili. Nyosha mkono mbele yako na usimamishe kidole kimoja. Nyuma ya kidole uwepo mti ulio mbali. Funga jicho la kushoto, utazame kwa la kulia. Kisha badilisha. Kidole kinaonekana kuruka kutoka upande mmoja wa mti mpaka upande mwingine. Sasa kisogeze kidole karibu na pua, ufanye tena. Kinaruka zaidi. Kwa hiyo kitu kilicho karibu huruka sana, na kilicho mbali huruka kidogo. Mtu akipima mruko huo, anaweza kupiga hesabu ya umbali.

Wataalamu walifanya hivyo kwa nyota. Dunia huzunguka Jua kwa mwaka mmoja. Mwezi wa Januari tuko upande huu wa Jua. Mwezi wa Julai tuko upande wa pili, kilomita kama milioni 300 kutoka pale. Hayo ndiyo macho yao mawili. Mwaka 1838, Mjerumani Friedrich Bessel alipima hivyo nyota moja na akapata umbali wake. Ni kama miaka ya nuru 11.

Lakini njia hii ina mwisho wake. Nyota zilizo mbali mno huruka kidogo mno, hata mruko haupimiki. Kwa galaksi nyingine ilitakiwa njia ya pili.

5. Hatua ya pili: taa za wavuvi

Ukikaa kando ya ziwa usiku, unaona taa za wavuvi wa dagaa. Tuseme wote wanatumia karabai za namna moja. Taa inayong'aa sana iko karibu. Taa hafifu iko mbali. Huhitaji mtumbwi wala kamba ili kujua hivyo.

Je, mwanga hupungua kwa kiasi gani? Washa tochi, umulike ukuta ukiwa hatua 1. Tazama duara la mwanga. Rudi nyuma mpaka hatua 2. Sasa duara ni pana mara 2 na refu mara 2. Mwanga ni ule ule, lakini umetandazwa mahali pakubwa mara 4. Ni kama debe moja la mpunga ulilolianika kwenye jamvi moja, kisha ukalianika kwenye majamvi manne. Mpunga ni ule ule, ila sasa umekuwa mwembamba.

Basi kanuni ni hii. Taa ikiwa mbali mara 2, mwanga wake unaokufikia ni robo. Ikiwa mbali mara 3, ni sehemu moja ya 9. Ikiwa mbali mara 10, ni sehemu moja ya 100.

Lakini kuna hatari. Je, taa zikiwa hazifanani? Koroboi iliyo karibu na karabai iliyo mbali zinaweza kuonekana sawa. Usipojua ni taa ya namna gani, utakosea. Hilo ndilo lililowashinda wataalamu kwa miaka mingi. Nyota hazilingani. Nyingine ni koroboi, nyingine ni karabai. Nani angewaambia ipi ni ipi?

6. Bibi Leavitt na daftari lake

Aliyetoa jibu ni Bibi Henrietta Leavitt wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1868. Masikio yake hayakusikia vizuri. Alifanya kazi katika kituo cha nyota cha chuo cha Harvard. Mwanzoni alijitolea bila malipo. Baadaye alilipwa senti 30 kwa saa. Kazi yake haikuwa kutazama darubini. Kazi yake ilikuwa kukagua picha za nyota zilizopigwa juu ya vioo, kupima mwanga wa kila nyota na kuandika.

Picha za lile Wingu Dogo la kusini zilipigwa huko Arequipa, nchi ya Peru, ambako wingu linaonekana. Vioo vililetwa Harvard kwa safari ndefu. Bibi Leavitt hakuliona wingu hilo mbinguni kwao. Aliliona katika vioo tu.

Katika vioo hivyo alikuta nyota zinazobadilika. Leo nyota inang'aa, baada ya siku kadhaa inafifia, kisha inang'aa tena. Nyota za namna hii huvimba na kusinyaa, kama kifua cha mtu anayepumua. Huitwa Sefeidi. Mwaka 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika katika Mawingu mawili ya Magellan, kubwa na dogo. Mwaka 1912 alizipanga nyota 25 za Wingu Dogo kwa siku zake. Iliyo nyepesi kuliko zote ilibadilika kwa siku 1 na robo. Iliyo nzito kuliko zote ilichukua siku 127.

Alipozipanga aliona jambo. Nyota iliyochukua siku nyingi ilikuwa na mwanga mwingi. Nyota ya siku chache ilikuwa na mwanga mdogo. Na zote zimo katika wingu moja, yaani umbali wake kutoka kwetu ni karibu sawa. Kwa hiyo iliyoonekana kubwa ilikuwa kubwa kweli.

Fikiri habari ya ngoma. Ngoma kubwa hutoa mlio mzito. Ngoma ndogo hutoa mlio mwembamba. Ukiwa ndani ya nyumba, hujaiona ngoma, lakini kwa mlio unajua ni ipi. Vivyo hivyo, ukihesabu siku za Sefeidi unajua ni koroboi au ni karabai.

Mwaka 1913, Ejnar Hertzsprung wa Denmark alikadiria umbali wa Sefeidi chache zilizo karibu nasi. Basi kipimo kikawa tayari. Sasa mtu aweza kusema: Nyota hii inachukua siku fulani, kwa hiyo ni taa ya ukubwa fulani. Naiona hafifu kiasi fulani, kwa hiyo iko mbali kiasi fulani.

Bibi Leavitt alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1921. Kipimo chake kilikuwa bado hakijatumika kwa Andromeda.

7. Andromeda yapimwa

Siku zile wataalamu walibishana. Wengine walisema Andromeda ni wingu dogo la moshi ndani ya galaksi yetu. Wengine walisema ni galaksi nyingine, mbali sana. Kila upande ulikuwa na hoja zake.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1923, Edwin Hubble alipiga picha ya Andromeda kwa darubini ya mlima Wilson, huko California. Kioo cha darubini hiyo kilikuwa na upana wa mita 2 na nusu. Katika picha alikuta nyota inayobadilika. Alizihesabu siku zake zikawa 31 na kitu. Ilikuwa Sefeidi. Alitumia kanuni ya Bibi Leavitt, akapata miaka ya nuru kama 900,000. Habari hizo zilisomwa mbele ya wataalamu tarehe 1 Januari, 1925. Ubishi ukaisha. Andromeda ni galaksi nyingine, nje ya yetu.

Lakini tumesema miaka ya nuru 2,500,000. Je, Bwana Hubble alikosea? Ndiyo, alikosea hesabu ya umbali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, taa za mji wa Los Angeles, ulio karibu na mlima Wilson, zilipunguzwa usiku. Anga likawa jeusi. Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi pale, akaweza kuona nyota za Andromeda ambazo hazijaonwa kabla. Kazi yake iliendelea, na mwaka 1952 alitangaza kwamba kuna namna mbili za nyota hizo. Zile za Bwana Hubble zilikuwa na mwanga mwingi kuliko walivyodhani. Walidhani ni koroboi, kumbe ni karabai. Kwa hiyo zilikuwa mbali zaidi. Umbali wa Andromeda ukaongezeka kama mara mbili kwa siku moja. Wengine waliofuata walisahihisha tena, mpaka tukafika 2,500,000.

Angalia hapo, ndugu msomaji. Hesabu ilikosewa, ikasahihishwa, na makosa hayakufichwa. Yaliwezekana kusahihishwa kwa sababu kila mtu aliandika alichopima na jinsi alivyopima.

8. Je, galaksi zinatembea?

Simama kando ya barabara. Basi linakuja mbio likipiga honi. Likija, sauti ya honi ni nyembamba. Likishakupita, sauti inakuwa nzito. Dereva hakubadilisha honi. Kilichobadilika ni mwendo: kwanza lilikujia, sasa linakuacha.

Nuru nayo ni hivyo. Nuru ya nyota ikipitishwa katika kioo chenye pembe tatu, hutawanyika kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Katikati ya rangi kuna mistari myeusi, na kila mstari una mahali pake. Kitu kikitujia, mistari husogea upande wa buluu. Kikituacha, husogea upande wa nyekundu. Mistari ikisogea sana, mwendo ni mkubwa.

Mwaka 1912, Vesto Slipher wa kituo cha Lowell, huko Arizona, alipima mistari ya Andromeda. Ilikuwa imesogea upande wa buluu. Andromeda inatujia! Alipata kilomita 300 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya mwendo huo ni wetu, kwa sababu Jua letu nalo linazunguka ndani ya galaksi yetu. Ukiutoa mwendo wa Jua, galaksi hizi mbili zinakaribiana kwa kilomita kama 110 kwa sekunde. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze kwa sekunde moja.

Galaksi zilizo mbali zaidi hazitujii. Zinatuacha. Mwaka 1929 Bwana Hubble alionyesha kwamba iliyo mbali zaidi hutuacha kwa mbio zaidi. Aliyepima mwendo wa nyingi za zile za mbali ni Milton Humason. Habari zake zinatuhusu sisi wa kisomo. Bwana Humason aliacha shule akiwa kijana mdogo. Alikuwa akiswaga baghala, yaani wanyama waliozaliwa na punda na farasi, waliobeba mizigo kupanda mlima Wilson. Mwaka 1917 aliajiriwa pale kuwa mfagizi. Usiku alisaidia kazi ya darubini, akajifunza, akawa hodari. Picha moja ya galaksi ya mbali ilihitaji saa nyingi, pengine usiku kadhaa, na darubini isitikisike. Alipima mwendo wa mamia ya galaksi.

9. Je, tuogope?

Huenda ukasikia watu wakisema galaksi itatugonga na dunia itakwisha. Uliza tena: Wamejuaje?

Kujua kama vitu viwili vitagongana, haitoshi kujua vinakaribiana. Lazima ujue pia kama kimoja kinakwenda kando. Mpira unaokuja kwako unaweza kupita pembeni. Mwendo wa Andromeda wa kwenda kando ni mgumu sana kupima. Mwaka 2012 wataalamu walisema galaksi hizi zitagongana baada ya miaka kama milioni 4,000. Baadaye walipata vipimo vipya. Vingine vilitoka katika chombo cha Gaia, kilichorushwa angani mwaka 2013 na kufanya kazi mpaka 2025. Mwaka 2025 walipiga hesabu upya. Waliona kwamba katika miaka milioni 10,000 ijayo huenda zikagongana, huenda zikapishana. Ni nusu kwa nusu.

Hata zikikutana, nyota zake ziko mbalimbali sana. Ni vigumu nyota moja kugonga nyingine. Basi usiache kulima shamba lako.

10. Jibu kwa mzee

Mzee, kule upande wa pili hakuna aliyeshika kamba. Walipima mruko wa nyota za karibu. Kwa hizo wakapata umbali wa taa za karibu. Bibi mmoja akaandika siku na mwanga wa taa za wingu la kusini. Kwa daftari lake wakaijua taa ya Andromeda. Kila hatua imekaa juu ya hatua nyingine, kama ngazi. Hatua moja ikiwa mbovu, zote zilizo juu yake huyumba. Ndiyo maana wanazipima tena na tena hadi leo.

Maneno mapya

Galaksi: kundi kubwa sana la nyota.
Mwaka wa nuru: umbali ambao nuru huenda kwa mwaka mmoja.
Sefeidi: nyota inayovimba na kusinyaa, mwanga wake ukiongezeka na kupungua.

Maswali

1. Mzee aliuliza nini darasani? Kwa nini swali lake lilikuwa zuri?
2. Kwa nini Bibi Leavitt alijua kwamba nyota iliyoonekana kubwa katika Wingu Dogo ilikuwa kubwa kweli?
3. Bwana Baade aligundua kosa gani?
4. Bwana Humason alianza na kazi gani pale mlimani?
5. Taa mbili ni sawa. Mwanga wa taa ya pili unaokufikia ni sehemu moja ya 9 ya ule wa kwanza. Taa ya pili iko mbali mara ngapi?
6. Bwana Hubble alipata miaka ya nuru 900,000. Leo tunasema 2,500,000. Tofauti ni kiasi gani?

Kazi ya kufanya

Kwa siku 10 mfululizo, chagua nyota moja na uitazame saa ile ile. Andika katika daftari: tarehe, saa, na nyota iko upande gani. Lete daftari darasani. Someaneni mlichoandika. Wazee wanaojua kutazama Kilimia ili kujua wakati wa kulima waulizwe nao, na maneno yao yaandikwe.

Majibu ya hesabu: swali la 5, mara 3, swali la 6, miaka ya nuru 1,600,000.